Ndege ya Baba Imefika Gatitu

Gatitu, Jumapili

Ndugu yangu Ngatia,

Sisi huku ni wazima, na kahawa imetoa maua. Ile ndege kuukuu ya jeshi ambayo Baba alinunua Uingereza hatimaye imefika. Ni ya aina ileile aliyokuwa akitengeneza alipokuwa fundi wa jeshi kule Nanyuki. Forodha Mombasa walitaka kwanza barua ya kuthibitisha kwamba haina bunduki, kisha ikapandishwa kwenye lori, mabawa yamefunguliwa na kulazwa kando.

Lakini fundi mzima alisahau kupima lango letu! Lori lilishindwa kukata kona, na njia pekee iliyobaki ilipitia kwa Baba Mdogo Mburu. Unajua hawajasemeshana tangu shamba la baba yao ligawanywe na ule ua wa miti ya miiba ya kaiyaba upandwe katikati. Baba aliketi kando ya barabara.

Mara tukamwona Baba Mdogo akija na panga. Niliogopa, nakwambia ukweli. Alitupita bila salamu, akaanza kuufyeka ua.

"Ati ndege ilale barabarani kama mlevi?" alisema.

Ilipoingia aliizunguka polepole, akauliza iko na viti ngapi.

"Mbili," Baba akajibu. "Ya mbele ni yangu."

Ngatia, uliondoka ukisema umechoka na boma la watu wasiosalimiana. Njoo Disemba. Pale kwenye ua pana mwanya wa kupita lori, na hakuna mtu amesema uzibwe.

Ni mimi dada yako, mwenye mikono imejaa miiba,
Wangui