Jina la Dada Yako

Machi 3

Mwanangu,

Hujambo? Kifua kimepoa? Sisi wazima, isipokuwa goti langu. Mwandiko wangu ni wa kuku, usome polepole.

Nimekosa raha. Mkunga kaambiwa chumba chake cha kujifungulia kitafungwa, eti hakileti faida. Na ofisi inayohesabu ndiyo yako. Ulizaliwa kwenye kitanda kile, ukitanguliza miguu, mkunga akahangaika nawe mpaka kukakucha. Faida gani tena wanataka? Waambie wakubwa zako.

Mama yako

Machi 20

Shikamoo Mama,

Kifua kimepoa. Pole na goti. Mama, hapo wanajifungua wanne tu kwa mwezi. Gharama za mshahara, dawa na umeme hazirudi. Sheria sikuitunga mimi. Idadi ikipanda, kitabaki.

Mwanao

Mei 9

Shikamoo Mama,

Natumai goti limepata nafuu. Daftari la wajawazito limefika mezani kwangu. Majina thelathini na moja, na la kwanza ni lako. Mama, una miaka sitini na mbili. La pili ni la bibi muuza mkaa. Nilicheka, kisha nikaogopa kazi yangu. Nimefuta majina yote ya mtaa wetu, hata la dada. Chumba kitafungwa mwisho wa mwezi. Nisamehe.

Mwanao

Agosti 17

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Leo siwezi kuandika kwamba sisi wazima.

Majina niliyapanga mimi. Si ulisema idadi ikipanda? Tulikwenda kwa zamu kupimwa uzito, mkunga akimuuliza muuza mkaa, "Bibi, mwenye mzigo huu ni nani?" Tulicheka sana.

Ila jina la dada yako lilikuwa la kweli. Alikataza tusiseme, maana mimba mbili za mwanzo zilitoka.

Uchungu ulimshika Jumanne. Hospitali ya mjini ni mwendo wa saa tatu kwa gari la kukodi. Mtoto alitanguliza miguu, kama wewe. Dada yako tumerudi naye. Mtoto tumemzika.

Mwenye gari kalipwa, seremala kalipwa. Mkunga anauza sabuni sokoni, anasema anapata kuliko zamani. Hao nadhani ofisini kwenu mtawahesabu kuwa faida. Mimi sikusoma, nisaidie: yule mdogo mtamwandika wapi?

Sikulaumu. Dada yako anakunja nguo ndogo, anazikunjua, anazikunja tena.

Njoo. Usilete kitu.

Mama yako