Baba Amenijengea Chumba cha Kutibia Watu, na Mimi Bado Nasoma

Mama Adrienne mpendwa,

Nakusikiliza redioni kila jioni, na leo ni zamu yangu kukuomba unisaidie, maana likizo imekaribia na nikirudi nyumbani Bweremana nitakuta chumba kinanisubiri na sijui nitakiingia na uso gani.

Mimi ni msichana wa Nyamitaba, huko Masisi, baba yangu Straton Nzabandora alikuwa analima maharagwe na kufuga kule juu, na vita ilipotufukuza tuliteremka mpaka Bweremana kwa ndugu za mama, wakatupa mahali pa kujenga, na hata katika shida ile baba hakukubali niache masomo, alisema shamba limeshabaki nyuma, basi tusipoteze na mwaka wa shule juu yake. Ndiyo maana leo niko Goma, mwaka wa kwanza kwenye institut ya mambo ya afya, nalala kwa mama mdogo, na chakula changu kinatoka Bweremana kwa akina mama wa kanisa letu, ambao wengine ni wakimbizi kama sisi na hawana shamba, lakini barabara ya Sake ikifungwa wanaenda mpaka ziwani kwenye boti wanamkabidhi msafiri yeyote kifuko cha unga na maharagwe, wanamwambia hiki ni cha mtoto wetu anayesomea udaktari, na mpaka leo hakuna kifuko kilichopotea. Mama Adrienne, nikianza kuwashukuru watu wale sitamaliza, na shida yangu yote imetokea hapohapo kwenye shukrani.

Kabla sijaja hapa nilijua vitu viwili tu vya hospitali, dokta na sindano. Kwetu ukivaa bluzi nyeupe ya hospitali wewe ni dokta, hata yule papa mmoja, mzee aliyekuwa anapiga deki kwenye kituo cha afya tulikuwa tunamwita dokta na alikuwa anaitika vizuri kabisa. Nilipofika darasani nikasikia kwamba kuna mtu kazi yake ni kumlaza mgonjwa usingizi kabla hajapasuliwa na kukaa kichwani pake mpaka aamke, na mwingine anapima watoto na kuwafundisha mama zao uji wa kuwarudishia nguvu, na mwingine anasimama ukingoni mwa ziwa akitia dawa kwenye bidoo, yale madumu ya maji, ili kipindupindu kisipande kambini, na yuko hata anayewatengenezea mguu waliokanyaga bomu. Nilifurahi mpaka nikasahau kuandika. Nilikuwa nawaona watu hao wote kila siku na sikujua kwamba hizo ni kazi za kusomewa.

Halafu tukapelekwa kufanya mazoezi hospitalini, na pale laboratoire, yaani maabara, nikamkuta Papa Kataliko, mzee wa Butembo, mpole lakini hapendi haraka. Kuna mtoto aliletwa anaungua homa, Papa Kataliko akamtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kioo, akaliandaa na kunipisha kwenye hadubini. Akaniambia, "Angalia pole pole, usifinye. Kale kadude kanafanana na pete, njo malaria. Mama analia, nesi iko tayari na dawa, lakini bote banangojea weye useme ni nini." Nikaiona kweli, Mama, ndogo na safi, na mtoto yule akapewa dawa yake, na mama yake aliondoka bila kujua kwamba mimi nipo. Tangu siku hiyo nataka laboratoire na sitaki kitu kingine.

Sasa sikiliza kilichotokea nyumbani. Nilimtumia baba picha yangu nimevaa bluzi nyeupe, ikapita kwenye simu za kanisa zima, na wewe unajua nyumba zetu za Masisi ni za mbao, mwanaume anazibomoa na kuzijenga upya anavyotaka, basi baba akang'oa ukuta uliotenganisha sebule na chumba chao, akachukua mbao zile akaongeza kijumba kando ya nyumba, akatia kitanda kirefu na pazia, na juu ya mlango akaandika kwa rangi nyekundu DOKTA VERDIANE. Sasa baba, mama na wadogo zangu wote wanalala upande mmoja bila ukuta. Alinipigia simu amejaa furaha, akaniambia, "Verdiane, mulango iko, kitanda iko, bantu biko. Kunabakia nini? Kunabakia weye tu." Nikaanza kulia. Yeye alidhani nalia kwa furaha, akaniombea baraka na kukata simu.

Na watu wameshaanza kungoja. Wazee wanataka nije niwapime presha, vidonda vya watoto vinawekwa vinisubiri mimi, na hata Fifi jirani yetu, ambaye mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa na sasa ana mimba nyingine, ameacha kwenda kupimwa kliniki kwa sababu mimi nakuja, mama alinisimulia akicheka kwamba Fifi amemwambia, "Miye siendi tena kwenye kisu, dokta yetu anakuya." Lakini kinachoniumiza zaidi ni zile mbao. Baba ametoa ukuta wa chumba chake mwenyewe kwa ajili yangu.

Institut wanataka kabla ya mwisho wa mwezi tuseme tunaingia section gani, yaani fani gani. Je, niache laboratoire, niingie uuguzi, ili angalau maandishi ya pale mlangoni yakaribiane na ukweli? Au nimwambie baba kwamba amebomoa nyumba yake bure, na akina mama walionilisha waone sina shukrani? Jina langu usilifiche, Mama, tayari limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko ningependa.

Ni mimi mtoto wako,
Verdiane

Verdiane mwanangu,

Barua yako imenifurahisha, kisha ikanikasirisha, na nitakuambia ni mahali gani. Mbao umezielezea vizuri mno, hata mimi naziona. Fifi umempa kipande cha sentensi, katikati ya presha za wazee na vidonda vya watoto, halafu ukarudi haraka kwenye mbao. Nimesoma mara ya pili nikitafuta habari zaidi za Fifi na sikuziona. Wewe unayesoma mambo ya afya hujui kwamba mama aliyepasuliwa, uchungu ukimkuta nyumbani, kovu lile linaweza kupasuka ndani, akafa yeye na mtoto kabla hujapata hata pikipiki? Kama bado hamjafika kwenye somo hilo, muulize kesho mwalimu wa uzazi. Na kama mmeshafika, basi ulikuwa unalia kwa sauti kubwa mno, hukusikia.

Nakuelewa, usidhani sikuelewi. Kupendwa na watu wengi hivyo wakati wao wenyewe hawana kitu ni mzigo, na wewe unaubeba kwa heshima. Lakini unaogopa uonekane huna shukrani, na kwa hofu hiyo unawaacha watu wakae kwenye foleni ya mlango ambao nyuma yake hakuna dokta. Akina mama wale walikupelekea unga ili ujue vitu. Kitu cha kwanza unachokijua ambacho wao wanakihitaji ni hiki: wewe si dokta, hujawahi kuzalisha mtu, na Fifi anatakiwa hospitali. Wape hicho. Ukinyamaza, ndipo watakuwa wamekulisha bure.

Section, chagua laboratoire, na usiniulize tena. Usiingie uuguzi kwa sababu ya rangi nyekundu ya mlangoni. Uuguzi ni kazi ya mtu anayeutaka, na mgonjwa anamjua upesi yule aliyekuja kwa kulazimishwa.

Sasa baba yako. Mimi nimempenda mzee huyu. Amekosea kwa moyo wote, na hakuna aliyemsahihisha kwa sababu kijiji kizima kinakosea pamoja naye, na wewe mwenye kujua ulilia tu kwenye simu. Mpigie. Usianze kwa kulia, ataanza kukutuliza na hutasema kitu. Mshukuru kwanza, kwa maneno kamili, kisha mwambie afute jina lako na kufunga kile chumba, halafu umweleze kazi ya Papa Kataliko mpaka aielewe. Ataumia, vumilia. Mtu anayejua kung'oa mbao anajua na kuzirudisha. Na kama hataki kuzirudisha, aende kwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya pale Bweremana, amuulize kama wanahitaji mahali pa kupimia watoto wa wakimbizi. Aamue yule mkuu, siyo wewe, na kusiwe na jina lako mlangoni.

Leo asubuhi, kabla ya kusoma barua yako hewani, nilikupigia kwenye namba uliyoiacha, nikakuambia haya haya, na kwamba uongee na baba na mama yako kabla ya jua kuzama, kwa sababu jioni watanisikia mimi. Ulisema ndiyo kwa sauti ndogo sana. Natumaini umefanya. Kama hujafanya, Papa Straton, nisamehe, binti yako anakupenda kuliko anavyoweza kusema, na amechagua kazi ya kweli.

Nimemaliza na Verdiane. Sasa naongea na Fifi wa Bweremana, na wewe unayeishi karibu naye, ongeza sauti ya redio.

Fifi, mama, miye sikujui, lakini unisikilize. Verdiane haiko dokta. Iko mutoto wa masomo, anakupenda, njo maana jina yako imefika mpaka huku. Ile kisu unaogopa, njo ilikuachia mutoto wako wa kwanza na ikakuachia na weye. Hakuna muntu atakukasirikia juu uliacha kupimwa. Kesho asubuhi ukamate kitenge yako, uite mama ya Verdiane, muende hospitali kubwa, na ubakie pale karibu mpaka siku ifike. Usingojee likizo ya muntu.