Waya Unaopita Juu ya Mipera

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti limepoa kidogo. Mimi mwili mzima. Ya moyoni utayakuta mbele, usikimbilie mwisho kama ulivyozoea.

Huku kwenye kituo cha umeme, waya unakoishia, tuko watatu kwa zamu, na wenzangu wawili neno hulitoa kwa taabu. Rafiki yangu hasa ni fundi wa kituo cha pili, huko waya unakoanzia, kilomita mia tisa kutoka hapa. Hatupandishi wala kushusha umeme bila kukubaliana kwa simu. Mwaka wa tatu huu, nakijua kikohozi chake, sura yake siijui. Alipokwenda likizo nilikosa raha wiki nzima. Cheka tu, Mama.

Dada ameniandikia. Anasema kaka alikuletea sola ukamrudishia, eti mimi mwanao nitaleta umeme wa waya ule unaopita juu ya shamba letu. Cherehani ya umeme umeshanunua, imekaa chini ya kitanda, nawe bado unakanyaga ile ya miguu na goti hilohilo. Jamani, Mama!

Ichukue sola. Waya ule umebeba mkondo mnyoofu, yaani umeme uendao upande mmoja tu, ambao kwa safari ndefu hauna mpinzani, maana haupotei sana njiani. Lakini kuuteremsha umeme huo katikati ya njia si kazi ya transfoma ya kutundika nguzoni. Kunataka kituo kama hiki changu, ukumbi mrefu kuliko shule yetu, umejaa mitambo. Hakuna atakayejenga hicho kwa ajili ya nyumba arobaini. Kwenu unapita tu.

Na hilo nililijua tangu mwanzo. Siku nilipokuja na watu wa kampuni kuomba waya upite shambani, ukaniuliza mbele yao kama umeme utaingia ndani, nikakwambia utaingia. Walishakuja mara mbili ukawafukuza. Wakaniahidi kazi hii endapo utatia saini. Ukatia kwa sababu nimesema mimi. Mipera ya marehemu baba ikakatwa kuupisha waya, na majirani nao wakatia kwa sababu umetia wewe. Kampuni haikukudanganya, Mama. Nilikudanganya mimi. Likizo ninazo tele. Siji nyumbani kwa aibu.

Nisamehe ukiweza. Msalimie dada, na kaka mwambie hakukosea kuleta sola. Majirani usiwape salamu zangu. Wasomee barua hii.

Ni mimi,
kitinda mimba wako