Simu Isiyopokea Picha

Ijumaa, 2 Mei
Nimeinunua. Kasimu kadogo kama kiganja cha mtoto, kioo cha kijivu kama karatasi ya gazeti. Kanapiga, kanapokea, kanaandika ujumbe mfupi, kanaamsha. Basi. Na bei yake karibu sawa na simu janja! Ile kubwa nimeiuza palepale dukani, nisije nikarudi nyuma.

Sababu ni Sirin, binti yangu, anayekuja kwangu kila Ijumaa. Ijumaa iliyopita nilimpeleka kula kunafa, ile keki ya jibini yenye shira, akaniambia nimekaa naye lakini sipo. Ana miaka kumi na mitatu. Nilikuwa naangalia video ya mtu anayeosha zulia.

Leo nimemwonyesha. Ameigeuzageuza, akauliza picha zake nitazionaje. Nikamwambia anipigie anisimulie. Akacheka — nani siku hizi anapiga simu, baba?

Jumapili, 4 Mei
Abu Yazan, tunayetengeneza naye lifti, amenicheka asubuhi nzima. "Abu Sirin, wenzako wanalipa waongezewe. Wewe umelipa upunguziwe."

Bila ramani ya simu tumepotea mtaa wa Khalda, ikabidi tumuulize muuza mboga. Alikuwa na maneno mengi. Nilimsikiliza kwa raha kuliko nilivyotegemea.

Jioni nimekula nikitazama ukuta. Ukimya wa nyumba hii nilikuwa siujui. Tangu Ghada, mama yake Sirin, aondoke na mtoto nimekuwa naufukuza kwa video.

Jumatano, 7 Mei
Hakuna aliyepiga. Nimejipigia kwa simu ya ofisini kuhakikisha inalia. Inalia.

Nilidhani nina watu. Kumbe nilikuwa na kundi la wasapu la binamu wanaotumiana maua ya "asubuhi njema". Hakuna aliyeuliza nimepotelea wapi.

Ijumaa, 9 Mei
Ujumbe wa Sirin: siji leo. Nimepiga, hakupokea. Nilikuwa nimeshapika makluba, sufuria nzima — wali, kuku, biringanya. Nusu nimempa jirani. Nusu imenishinda.

Labda hana hamu na baba asiyeona picha. Kila siku alikuwa ananitumia kitu: paka wa ngazini kwao, kucha zake, daftari la hesabu. Nilikuwa najibu kwa kidole gumba, bila hata kuzikuza picha. Sasa ningezikuza zote.

Jumatatu, 12 Mei
Nimeingia duka la simu. Nikashika moja janja, nikaiwasha. Muuzaji akauliza natafuta nini hasa. Nikaizima, nikamrudishia. Nimetoka.

Ijumaa, 16 Mei
Amepiga. Sirin mwenyewe, kwa sauti ya chini, amejifungia bafuni kwao.

Mama yake amepata kazi Doha. Wanahama baada ya mitihani, na bila idhini yangu mtoto hasafiri. Ghada aliniandikia wasapu mwanzoni mwa mwezi — tangu talaka hatupigiani, tunaandikiana tu. Hakupata jibu. Anaamini nimeifungia namba yake kwa makusudi. Ndiyo maana amemzuia mtoto kuja.

Nikamwambia sikuuona ujumbe wowote.

"Najua," akasema. "Najua simu yako haina wasapu. Sikumwambia."

"Kwa nini, mwanangu?"

Nikasikia maji ya bomba.

"Usipojibu, hatuendi."

Siku zote hizi amelibeba jambo hili peke yake, mimi nikidhani amenichoka.

Nikamuuliza anataka nimwambie mama yake nini. Akasema hajui. Kule shule ni nzuri. Mama ana furaha, hajawa na furaha hivyo siku nyingi, anaimba akiosha vyombo. Halafu akarudia kwamba hajui.

Anasema mama yake ameshatoka nyumbani. Anakuja kunikabili ana kwa ana.

Naandika huku simu iko mezani, spika imewashwa. Natafuta kwenye karatasi la kumwambia Ghada. Nikikubali, nabaki na ukuta. Nikikataa, nitakuwa nimemzimia Ghada wimbo wake, na Sirin atajua ni kwa ajili ya siri yake. Nasikia anavyopumua. Kila mara anauliza kama bado nipo. Namwambia nipo.

Mlango wa gari, chini. Viatu ngazini — mwendo ule naujua.

"Ndiye?"

"Nadhani ndiye."

"Baba, usikate."

Kengele.