Nyuki wa Baba Kwenye Kompyuta

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha uani,
Jumapili mchana.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Salamu nyingi mdogo wangu. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na wale mapacha, bado wanapokezana mafua? Sisi huku tu wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu kila nikikupigia simu uko kazini, na barua haina kitufe cha kukata.

Habari ya kwanza ni ya Baba, na si nzuri. Usahaulifu umezidi. Daktari anasema hali hii hairudi nyuma, tumtunze tu. Sura bado anazijua, ila majina yanampotea hivi hivi akiwa anakutazama.

Kinachoniuma zaidi ni nyuki. Unajua tangu aache useremala, ile mizinga nyuma ya nyumba ndiyo starehe yake. Sasa anafungua mzinga asubuhi, anapuliza moshi, anakagua masega, anafunika vizuri. Akishakunywa chai anavaa tena wavu wa usoni, anakwenda kufungua ule ule. Nyuki nao wana moyo, ukiwasumbua wanahama. Makundi mawili yamekwenda zao. Baba alisimama mbele ya mizinga mitupu akiuliza nani kamwibia. Nilikwenda jikoni nikalia.

Kaka yetu dereva akasema tuiuze yote kabla mzee hajaumia. Nikamwambia, ukimwondolea nyuki utakuwa umemzika yu hai. Tukanuniana weee! Mwishowe akanipa msimu mmoja: kundi jingine likihama, mizinga inauzwa.

Basi nikajiuliza, mimi ninayetunza stoo ya dawa, ninayejua kila kopo limeingia lini na limetoka lini, nishindwe na nyuki? Nikatengeneza kanzidata kwenye kompyuta yangu kuukuu. Kila mzinga ukifunguliwa naandika siku, nani kafungua na kaona nini. Masanduku ya mizinga nikayapaka namba kwa rangi nyeupe, nikajiona mtaalamu kweli kweli.

Namba zilinitia aibu. Sanduku moja lilioza, Baba akawahamishia nyuki wake kwenye sanduku jipya, na kumbukumbu zao zikabaki kwenye namba ya lile bovu. Kompyuta ikaniambia sanduku jipya halijawahi kukaguliwa. Nami nikaiamini, nikamruhusu Baba afungue, nyuki hata hawajatulia. Walitoka na hasira zao zote wakamvamia jirani yetu fundi cherehani, akaruka ua na utepe wa kupimia shingoni! Leo tunacheka, lakini siku ile nilishinda dirishani nikiomba wasihame. Hawakuhama.

Baba ndiye aliyeniweka sawa. "Mwanangu, sanduku ni nyumba tu," alisema. "Umeandika nyumba, wenyewe hukuwaandika." Kumbe kila kundi analiita kwa jina la malkia wake, na majina hayo hayajampotea: Mama Mkwe, kwa ukali wake, Mpangaji, aliyeingia bila kualikwa, Mcha Mungu, asiyeuma mtu. Nikabomoa kazi yote nikaanza upya. Sasa kila malkia ana mstari wake: jina lake, mama yake nani, anaishi wapi, mara ya mwisho kuonekana lini.

Siku hizi kabla ya kuvaa wavu anakuja kwangu kwanza. Nikimsomea kwamba Mpangaji alionekana jana, anavua glavu anakaa. Msimu umekwisha na hakuna aliyehama. Kaka naye juzi kashusha mbao za mizinga mipya pale uani.

Sasa sikiliza hili. Jana nilipomaliza kumsomea, Baba akaniuliza, "Na watoto wangu umewaandika?" Nilidhani utani. Akasema anahisi tunamponyoka, anataka awe anasomewa habari zetu pia. Nikafungua ukurasa mpya. Jina, mama yake, anapoishi. Mara ya mwisho kuonekana: mimi, siku hiyo hiyo; Kaka, siku moja kabla. Kufika kwenye mstari wako nikamuuliza niandike lini. Akasema, "Hapo usiandike kitu. Akija, nitakwambia mwenyewe."

Leo asubuhi kaniambia nimsomee tena. Mstari wako unaishia njiani, naye anasubiri niendelee.

Sikulaumu, mdogo wangu. Najua kazi za ugenini hazina ruhusa ya kuomba leo ukapewa kesho. Lakini iombe.

Nisalimie wifi, na mapacha uwabusu kwa ajili ya shangazi yao. Kaka anakusalimu, na fundi cherehani pia, ingawa sikio lake anadai bado linawasha. Mungu akufungulie njia, akufikishe Baba angali akikujua.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja.