Wacera Ameamua Kuvuka

Lindi, Kibera,
Nairobi.
Jumapili, 26 Juni 1977.

Mpendwa ndugu yangu Wakoli,

Pokea salamu zangu, na za mume wangu Khamala, na za watoto ambao bado wanauliza mjomba wa Arusha atakuja lini na zile ndizi nyekundu. Hujambo wewe? Na Eliaichi mkeo hajambo? Kifua chake kinachomsumbua wakati wa baridi kimepoa mwaka huu? Sisi huku hatujalazwa hospitali wala hatujalala njaa, kwa hiyo nasema tuko wazima. Baridi ya Juni imetushukia. Asubuhi ukungu unaziba reli yote, treni unaisikia tu, na mimi nakuandikia nikiwa nimejifunga leso mbili.

Barua hii haipiti posta. Ile niliyokuandikia Aprili sijui iliishia wapi. Tangu yule mwenzako aliyerudishwa nyumbani mwezi wa tatu atuambie amekuacha mzima kazini, hatujasikia neno lako. Anayekukabidhi barua hii ni Semboja, jirani yetu wa mlango wa pili, Msambaa wa Korogwe aliyekuwa akifanya kazi na Khamala kwenye karakana ya reli. Mpe kiti na chai kabla hujaifungua. Habari zake ndizo nataka kukueleza, kwa sababu zinakuhusu na wewe.

Wewe fundi bomba uliye ndani ya ofisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki unajua zaidi yangu jinsi wakubwa walivyotufikisha hapa. Sisi wa Lindi tulianza kuamini ndege zilipokosa kuruka mwezi wa kwanza. Kisha Tanzania ikafunga mpaka, kila nchi ikaanza kuvuta chake, na sasa wiki hii Jumuiya yenyewe inazikwa. Mwanzoni watu hapa waliichukulia kama mechi ya Gor Mahia na Abaluhya. Redio ya huko ikituita manyang'au, ya hapa inajibu kwamba nyinyi hamna hata cha kung'ata, na vijana wanashika mbavu. Fundi viatu wetu alikuwa akimwambia kila anayepita, “Wacha waende. Tulikuwa tunawabeba mgongoni.”

Kicheko kilipungua kidogo kidogo. Ilionekana kila nyumba ina mtu wake upande wa pili. Mama anayeuza vitunguu Makina mumewe ni dereva wa lori, na lori limebaki Moshi. Mpangaji mmoja wa nyumba ya nyuma alikuwa ameposa Musoma. Na mimi nina wewe. Watu wakaacha kucheka wakaanza kutazamana vibaya. Mimi mwenyewe sijatulia tangu Februari. Nakaa kwenye cherehani nashona mkono wa blauzi, nikimaliza naona nimeushona kichwa chini. Naweka chai jikoni naisahau mpaka Sella binti yangu aje kuniambia sufuria inaungua.

Khamala naye ana wasiwasi wake. Wanaambiwa reli itakuwa ya Kenya peke yake, na kila mtu ataandikwa kazi upya, lakini hakuna anayesema ni kila mtu kweli au ni wengine tu. Anarudi jioni hasemi kitu. Nilidhani ni hilo tu linalomla, mpaka Wacera, mke wa Semboja, aliponieleza yaliyotokea kazini.

Wewe unajua Khamala na Semboja walikuwa kama mapacha. Wote ni mafundi rangi. Semboja ana mkono wa kuandika herufi, Khamala anapiga rangi ya chini na kulainisha. Mabehewa mengi unayoyaona yakipita hapa Kibera na jina la Reli ya Afrika Mashariki ubavuni, jina hilo liliandikwa na Semboja. Mwezi wa nne msimamizi wao akaja na mkebe wa rangi akamwambia Semboja afute jina hilo. Semboja akaiweka brashi chini. Hakutukana, hakupiga kelele. Alisema tu, “Hiyo mtafutie mtu mwingine.”

Msimamizi akamgeukia Khamala. Na Khamala akaichukua.

Nilipomuuliza alinijibu kwa hasira. “Ulitaka nifanyeje, Rosebella? Nikatae, kesho watoto wale herufi?” Angekataa ningemlaumu, na alipokubali nikaona haya kukutana na Wacera bombani. Tangu siku ile wale wanaume wawili hawakusalimiana. Tunagawana ukuta wa udongo, tunasikia hata mwenzetu akigeuka kitandani, lakini asubuhi kila mmoja anachungulia kwanza mwenzake apite ndipo naye atoke aende kazini.

Halafu vijana wakaingia kati. Mwezi uliopita kikundi cha watu kilikuja mchana kwa Mabrouka, mwenye nyumba wetu. Wengine nawajua, ni wapangaji wa hapa hapa Lindi, wengine wametoka sijui wapi. Walikuwa na habari kwamba Wakenya wenzetu huko wamenyang'anywa magari, na wakataka Mabrouka amtoe Mtanzania wake ili chumba apewe mwananchi. Mabrouka alikuwa barazani anachambua mchele. Hakusimama.

“Mwananchi ni nani?” aliwauliza.

Mmoja akasema, “Si ni sisi, mama.”

“Babu yangu aliletwa hapa na Mwingereza kutoka Sudan, na bunduki begani. Amezikwa pale juu. Mpaka leo kuna watu wananiuliza mimi kwetu ni wapi. Sasa kama mmeanza kufukuza wageni, anzeni na mimi, halafu mtafute wa kumlipa kodi.”

Waliondoka wakinung'unika. Usiku huo hawakurudi, lakini siku ya pili tulikuta mlango wa Semboja umepakwa lami. Wacera aliusugua kwa mafuta ya taa, mimi nikamsaidia. Khamala alitupita akaingia ndani. Kisha akatoka na kitambaa na msasa, akausugua mlango ule mpaka ukawa mweupe, akarudi ndani bila kumtazama mtu. Semboja hakuwepo.

Wiki mbili zilizopita Semboja akapata habari kwamba wafanyakazi wa Kitanzania wanaorudi kwao watapitishwa mpakani Namanga kwa vikundi, na kwamba kikundi chake kitaondoka kesho Jumatatu. Mke anaruhusiwa kwenda na mumewe. Ndipo shida yenyewe ikaanza, maana Wacera ni Mkikuyu wa Kawangware, hajawahi kufika hata Kajiado, na ana mimba ya miezi saba. Baba yake alipopata habari alituma mtu amchukue, na Wacera akaenda kwao. Semboja akabaki peke yake, anafunga sanduku na kulifungua.

Jumapili iliyopita alikuja akasimama mlangoni kwangu. “Shemeji, nisindikize Kawangware. Nikienda peke yangu yule mzee ataniona mwizi.” Nikamchukua na Mabrouka, kwa sababu mimi ulimi wangu ni mzito mbele ya wazee, na wake unajua ulivyo.

Baba yake Wacera anaitwa Mzee Gathii. Ni seremala, anatengeneza vitanda na viti kando ya barabara. Nilikwenda nimejiandaa kumchukia, Wakoli, nisikufiche. Lakini alitupokea vizuri, akapangusa vumbi la mbao kwenye benchi tukae, akaagiza chai. Alimwacha Semboja aseme yake yote. Kisha akasema taratibu, “Wewe sina neno na wewe. Umemtunza mtoto wangu. Lakini mimi najua serikali ikifunga njia. Wakati wa Hali ya Hatari ya Mwingereza nilichukuliwa hapa hapa Nairobi, nikaambiwa ni wiki chache. Niliporudi, mama yangu alikuwa ameshazikwa na hakuna aliyeweza kunionyesha ni wapi. Sasa unataka nikupe binti umpeleke nyuma ya mlango uliofungwa. Mjukuu wangu akizaliwa nitamjulia wapi?”

Mabrouka, niliyemleta kwa ajili ya ulimi wake, akainamia chai yake. Aliyejibu ni Wacera mwenyewe, kutoka mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

“Baba, wewe ulichukuliwa. Mimi naenda kwa miguu yangu.”

“Hujui unakokwenda.”

“Namjua ninayekwenda naye.”

Mzee Gathii akainuka, akachukua randa akaanza kupiga ubao. Ilikuwa ni kutuambia mazungumzo yamekwisha. Tukarudi Kibera bila Wacera, tukitembea. Wiki nzima Semboja hakula vizuri. Nilikuwa nampelekea ugali, narudishiwa sahani nusu. Khamala alikuwa ananiuliza kwa sauti ya chini, “Amekula?” Namjibu, hajala. Anageukia ukutani.

Sasa nikuambie ya leo.

Tulitoka kanisani tukamkuta Mabrouka barazani anatuonyesha kwa kidole upande wa reli. Nikatazama. Wacera alikuwa anakuja akivuka reli polepole, mkono mmoja kiunoni, na nyuma yake Mzee Gathii, amejitwika mbao kichwani. Ametoka nazo Kawangware kwa miguu. Alifika akazitua mbele ya mlango wa Semboja, akajipangusa jasho, na nikaona si mbao tu. Ni kitanda kidogo cha mtoto, kimefunguliwa vipande vipande, kimepigwa msasa mpaka kinang'aa.

Semboja alitoka nje.

“Sijakubali,” Mzee Gathii akamwambia. “Usifikiri nimekubali. Lakini mtoto hawezi kulala chini.”

Akamwonyesha jinsi vipande vinavyoingiana, kipi cha kichwani, kipi cha miguuni, na kwamba havihitaji msumari hata mmoja, kwa sababu hakujua kama huko watapata misumari. Alipomaliza alikaa kwenye ngazi ya mlango akafunika uso kwa kofia. Wacera akakaa karibu naye. Sisi tukaona tuwaache.

Vipande vile vilitakiwa kufungwa visipotee njiani. Semboja alikuwa anahangaika na kamba. Khamala alikuwa amesimama mlangoni petu anatazama, bado na koti la kanisani. Akalivua akanipa. Akaenda akainama akashika ncha ya pili ya kamba.

“Vuta,” akasema. “Zaidi. Shika hapo.”

Hilo ndilo neno la kwanza tangu Aprili. Wakafunga kitanda chote hivyo, wakiambiana vuta na shika, mpaka kikawa mzigo mmoja. Kisha nikasikia Khamala akisema, “Ile brashi, Semboja.” Na Semboja akamkatiza. “Una watoto. Ningekuwa na watoto ningeichukua.” Wako nje sasa hivi wanavuta sigara moja kwa zamu, Mabrouka amewapelekea kahawa, na Mzee Gathii amekataa kurudi kwake. Anasema atalala kwetu, kesho awasindikize mpaka kwenye gari.

Sasa nigeukie lako, Wakoli. Mama yuko Kimilili, mzima ila magoti. Alinitumia maneno kwa mtu aliyetoka huko, na ameniamuru nikufikishie kama alivyosema. Anasema kazi ya Jumuiya ikiisha Alhamisi hii, uchukue nguo zako urudi nyumbani. Anasema shamba liko. Anasema Eliaichi ni Mtanzania, mtoto wa watu, arudi kwa watu wake, nawe utatafutiwa msichana wa kwetu ambaye hatuhitaji kuomba ruhusa ya serikali kumwona. Nimekufikishia. Asije akasema sikusema.

Na mpaka Jumapili iliyopita ningekuandikia hayo hayo kama maneno yangu mwenyewe. Nakutaka nyumbani. Kila mara nikisikia wamerudishwa Wakenya kutoka huko natoka mbio kuuliza majina, na nikirudi nakaa na cherehani hata tundu la sindano silioni. Nilishajiambia, mke atapatikana, ndugu hapatikani.

Leo nimesimama na koti la mume wangu mkononi nikimtazama mzee wa watu aliyebeba kitanda kichwani kumpelekea mtoto ambaye pengine hatamwona. Siwezi tena kukuandikia ulivyotaka Mama. Usimwache Eliaichi. Kama wanakuruhusu kuvuka naye, njooni wote wawili, chumba cha Semboja kitakuwa wazi na Mabrouka ameniambia atakiweka kwanza. Na kama kuvuka naye haiwezekani, baki. Baki huko na mkeo, utafute kazi ya bomba kwa wamisionari au kwa yeyote, umwagilie migomba ya wakwe zako. Mama nitamkabili mimi. Atanipigia kelele, atalia, na mwishoni ataniuliza Eliaichi anapenda kula nini, maana namjua.

Utakavyoamua, utafute njia nipate kujua. Hata neno moja kwa dereva. Kutojua ndiko kunakoniumiza.

Mwambie Eliaichi namfumia sweta ya kifua chake, imebaki mkono mmoja, ningeimaliza ningempa Wacera aibebe. Msalimie na mama mkwe wako. Khamala anakusalimu, Sella na wadogo zake wanakusalimu, na Mabrouka anasema anakuombea kila swala ingawa hujawahi kumaliza kahawa yake. Uwapokee Semboja na Wacera kama ambavyo ungenipokea mimi. Wacera asinyanyue kitu kizito, na kile kitanda mkilaze mahali pakavu.

Mungu akushike huko ambako mkono wangu haufiki, akushike wewe na wa ubavuni mwako.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ukikaa mbali,

Rosebella Nabalayo.