Chura Hajataga

Jumatatu, 4 Machi 1957. Mbeya.

Mvua tangu alfajiri. Darasa la pili wamefika wamelowa, nikawabananisha kwenye madawati ya mbele wapate joto. Hesabu za kutoa. Nusu yao bado wanasahau kukopa. Mchana nikarudi nyumbani, nikakoroga unga wa dawa wa shangazi Damari kwenye uji, nikaunywa bila kuvuta pumzi. Mchungu kama kawaida.

Siku zangu hazijaja. Mwezi uliopita yalikuja matone tu, nikasema ni dawa. Shangazi alinionya tangu aliponiletea kutoka Idodi: damu itapungua, usishtuke. Basi sijui nishike lipi. Dawa ninayokunywa nisipate mimba ndiyo hiyo hiyo inayonizuia kujua kama nimeipata.

Alhamisi, 7 Machi.

Mume wangu amerudi na lori kutoka Iringa, matope hadi kwenye nyusi. Nilimwacha Ezekieli ale kwanza, ndipo nikamwambia. Aliweka kikombe chini, hakukigusa tena.

Najua alichokuwa anakiona. Mwaka jana walinipasua, wakamtoa mtoto wa kiume ameshakufa, nami nikaponea chupuchupu. Daktari alimwambia yeye, si mimi, kwamba mshono ule usibebeshwe mimba nyingine mpaka ipite miaka miwili. Dawa ya shangazi tuliitafuta sote wawili. Tuna Neema, ana miaka minne, tulisema anatosha kwa sasa.

Amesema twende hospitali kesho. Naogopa kufa. Ndiyo hivyo.

Ijumaa, 8 Machi.

Nimeomba ruhusa shuleni. Tumekwenda wote.

Daktari ni yule yule mama wa Kizungu aliyenipasua. Kiswahili chake cha polepole, kila neno mahali pake. Aliuliza mara ya mwisho tulikuwa pamoja lini. Nikaona haya. Wiki iliyopita, nikasema. Na kabla ya hapo? Kila lori linapofika, nikasema. Ezekieli akatazama viatu vyake.

"Mmekuja mapema mno," daktari akasema. "Mwanamke mwingine ningemhesabia tangu siku zake zilipochelewa. Wewe dawa imezivuruga, sina pa kuanzia. Ngoja zipite wiki tatu tangu mlipolala pamoja mara ya mwisho. Na katikati hapo msikaribiane."

Nilimsihi anipime leo leo. Siwezi kusimama mbele ya watoto kwa wiki mbili nzima na jambo hili kichwani. Akakubali, lakini bila kupenda. "Chura akinyamaza, usimwamini," akasema. Unga wa shangazi nisiuguse tena, maana kama kuna mtoto hajui utamfanyaje.

Kipimo chenyewe ni chura. Wanamchoma sindano chura jike, wanamtia mkojo wa mwenye kupimwa. Mimba ikiwepo, kesho yake anataga mayai. Bwana Kiliani wa maabara alinionyesha. Wako kwenye beseni lenye wavu, macho yao yako juu ya kichwa, yanatazama dari.

Jumamosi, 9 Machi.

Chura hajataga.

Ezekieli amenunua nyama na kuipika mwenyewe, anaimba tenzi za kanisani kwa sauti mbovu. Neema anacheka. Nami nilicheka. Kisha nikaenda nyuma ya jiko nikalia. Nilidhani ni furaha. Haikuwa furaha.

Jumatano, 13 Machi.

Mama mkwe amefika kwa basi kutoka Iringa, na kuku wawili na mahindi mabichi. Hatukumwita. Akanisalimu, kamwene, kamwene, kisha akanikagua kuanzia juu hadi chini. Mwaka mzima ananitazama tumbo. Nimechoka.

Siku zangu bado.

Alhamisi, 14 Machi.

Nimetoka shule nikamkuta jikoni, mkebe wa unga uko wazi mapajani mwake. Ameunusa. Nilisimama mlangoni nikingoja matusi.

"Huu ni wa Damari," akasema.

Ndiyo, mama.

"Mwanangu anajua?"

Anajua. Tulikubaliana.

Akafunga mkebe polepole. Akasema hata yeye aliunywa. Baada ya kumzaa Ezekieli alizaa wawili mfululizo, akachoka, akaenda kwa mama yake Damari kuomba dawa. "Nikauamini. Siku zangu zikapotea, nikasema ni unga. Nikaendelea kulima. Nimekuja kushtuka Lukasi anacheza tumboni."

Shemeji Lukasi. Kumbe.

"Hao vyura siwajui," akasema. "Lakini rudi wakupime tena. Mimi sikuwa na mtu wa kuniambia nirudi."

Miaka sita nimeolewa, leo ndiyo mara ya kwanza tumeongea. Nilimmenyea viazi vyote.

Jumapili, 17 Machi.

Kanisani sikuimba. Harufu ya mafuta ya nywele ya mama aliyekaa mbele ilinitoa nje, nikatapika chini ya ukuta. Nilisema moyoni, ni chakula. Hata mimi sikujisadiki.

Nataka kuandika ukweli mara moja. Sitaki kufa, sitaki Neema alelewe na mtu mwingine. Na mtoto namtaka. Namtaka tangu walipoondoka na yule wa mwaka jana wamemfunika shuka, sikuoneshwa hata uso. Vyote viwili viko ndani yangu na hakuna kinachompisha mwenzake.

Ijumaa, 22 Machi.

Nimepeleka mkojo. Wiki tatu zimetimia. Daktari alisema sasa jibu lolote litakalotoka atalikubali. Ezekieli yuko njiani, lori limekwama Chimala. Nimekwenda na mama mkwe. Bwana Kiliani alipomtoa chura, mama aligeuza uso, lakini hakuuachia mkono wangu.

Jumamosi, 23 Machi.

Ametaga. Bwana Kiliani alisogea pembeni nione. Mayai madogo, meusi upande mmoja, yametapakaa chini ya beseni.

Daktari alinikalisha. Hakunificha. Uchungu ukinianza wenyewe, mshono unaweza kuachia. Kwa hiyo uchungu usinianze. Mwezi wa mwisho nitahamia hospitali, watanipasua kabla ya siku yenyewe. Nisibebe maji. Nisilime. Nikiona damu nije saa hiyo hiyo. Nikamuuliza nitapona? "Nadhani utapona," akasema. Nilipenda kwamba hakuapa.

Jumatatu, 25 Machi.

Ezekieli amefika. Nilimwambia kabla hajavua koti. Akatoka, akaosha lori lote, mpaka chini ya matairi, na mvua inanyesha. Mama alitaka kumfuata. Nikamwambia, mwache, mama. Aliporudi alikuwa anatetemeka. Akasema tu, "Safari za Iringa nitamwachia mwenzangu." 

Mama harudi kwao. Ameomba mtu amwangalizie shamba lake.

Jumamosi, 19 Oktoba.

Nimehamia hospitali. Kitanda cha dirishani. Neema alining'ang'ania shingoni, mama akambandua kidole kimoja kimoja. Hofu ile ile, ila nimeizoea.

Jumatano, 6 Novemba.

Ni kesho asubuhi. Siandiki zaidi.

Jumanne, 12 Novemba.

Leo nimeweza kukaa. Maumivu makali nikikohoa. Mshono wa zamani ulikuwa umebaki mwembamba kama karatasi, daktari amesema, na safari hii amenifunga kizazi, kama tulivyokubaliana na Ezekieli, sote watatu. Nilidhani nitahuzunika. Labda baadaye.

Ni msichana. Analala sana. Ana paji la uso la mama mkwe, na mama ameshaliona, anajifanya hajaliona.

Jana ndiyo walimruhusu Ezekieli kuingia. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Mtoto alikuwa kwenye kitanda chake kidogo, karibu kabisa na mlango. Akampita, akaja kwangu kwanza.